Mtoto wa Likoni Afunzwe na Nani?

Mwaka 2015 watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa afya chenye makao Nairobi, walishirikiana na Taasisi ya Guttmacher ya Marekani kuchunguza jinsi elimu ya afya ya uzazi inavyofundishwa katika shule za sekondari za Kenya. Waliteua kaunti tatu: Nairobi, Homa Bay na Mombasa. Waliingia shule 78 na kuwahoji wanafunzi 2,484 wa kidato cha pili na cha tatu, wenye umri wa miaka 15 hadi 17, pamoja na walimu wao. Ripoti ilipotoka mwaka 2017, majibu ya pande hizo mbili yalipishana vibaya. Robo tatu ya walimu walisema wanafundisha mada zote zinazopaswa kuwamo katika elimu kamili ya afya ya uzazi. Wanafunzi waliosema wamefundishwa mada hizo zote walikuwa asilimia 2.

Hakuna haja ya kumwita yeyote mwongo. Mwalimu akishachora mfumo wa uzazi ubaoni, akataja Ukimwi, akawaonya wanafunzi wangoje mpaka ndoa, kwake mada imekwisha na silabasi inasonga. Mwanafunzi ana hesabu nyingine. Alitaka kujua mimba huzuiwaje, aende wapi akiumizwa, amjibu nini mtu mzima anayemnunulia chakula kila jioni. Anatoka darasani na maswali yale yale aliyoingia nayo. Wanafunzi wa utafiti ule walikuwa wamesikia mengi juu ya kujizuia na hatari za ngono. Habari za njia za kuzuia mimba, jinsi zinavyotumika na zinakopatikana, ziliwafikia wachache.

Kenya tumeijadili elimu hii kama jambo la kukubaliwa lote au kukataliwa lote. Nikiangalia Mombasa ya nje ya kisiwa, hasa Likoni, Kisauni na Changamwe, naona tumepoteza muda mwingi kwenye sehemu isiyokuwa na shida kubwa. Watoto wa huku hufundishwa mambo ya mwili tangu zamani, na madrasa, na nyanya zao, na mtaa, na siku hizi na simu. Kinachowapungukia ni yale ambayo shule ya umma peke yake inaweza kuwapa wote kwa pamoja: kumtambua mtu mzima mwenye nia mbaya, kujua sheria inasema nini, kujua hospitali ifikiwe ndani ya saa ngapi, na mvulana kufundishwa yale yale anayofundishwa msichana.

Kwanza tukubaliane tunamzungumzia mtoto gani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Kisauni ilikuwa na 291,930, Likoni 250,358 na Changamwe 131,882. Mvita, ambayo ndiyo kisiwa chenyewe na Mji wa Kale wake, ilikuwa na 154,171, yaani mtu mmoja tu kati ya wanane. Anayejadili mila za Mombasa akiufikiria Mji wa Kale peke yake amewaacha saba nje.

Na hao saba hawana mila moja. Darasa la shule ya umma kule Mtongwe, Mlaleo au Chaani lina mtoto wa Mdigo, wa Mgiriama, wa Mkamba, wa Mjaluo na wa Mluhya. Anayetoka madrasa na anayeimba kwaya kanisani wanakaa dawati moja. Changamwe ilijengwa na bandari, reli na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi 1963 na kusimama 2013. Wanaume walikuja kufanya kazi, wake na watoto wakabaki nyumbani bara, na barabara ya Magongo mpaka leo imejaa madereva wa malori walio mbali na familia zao. Kisauni iliendelea kupokea watu kwa sababu ya saruji ya Bamburi na hoteli za ufuo wa kaskazini. Likoni huamka alfajiri kuwahi feri, na wazazi wengi hurudi usiku. Ghasia za Agosti 1997 zilizoanzia hapo Likoni zilitawanya familia nyingi, na majirani waliojuana wakaachwa wageni.

Kisha kuna nyumba zenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya kupangisha ina ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, kila chumba na familia yake, choo kimoja na bafu moja nyuma. Pazia ndilo ukuta kati ya kitanda cha wazazi na godoro la watoto. Mtoto wa miaka tisa katika nyumba hiyo ameshasikia mengi. Mzazi anayesema mwanawe asiambiwe kitu mpaka akue anasema jambo ambalo chumba chake hakiliruhusu.

Pwani ilikuwa na walimu wa mambo haya kabla ya shule. Mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa tangu 1890 hadi 1975, ameandika juu ya makungwi na shughuli zao. Msichana akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo wake, mwanamke mzima ambaye si mama yake, akafundishwa usafi, adabu, na mambo ya mume na mke. Unguja, mwimbaji Bi Kidude aliyefariki 2013 aliifanya kazi hiyo ya unyago mpaka uzeeni. Wengi hawakuwaona wanawake hao kama waharibifu wa watoto. Walipewa heshima na malipo.

Madrasa nayo hufundisha waziwazi kuliko shule. Mtoto wa Kiislamu wa Likoni husoma tahara, hedhi, nifasi, janaba na josho akiwa bado mdogo, maana swala na saumu hazisihi kwa asiyeyajua. Ustadhi hutaja damu na manii mbele ya darasa bila kutafuta maneno ya kuzunguka, na watoto wakicheka huambiwa wanyamaze waandike. Mapokezi mashuhuri yanamtaja Bi Aisha akiwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Mtoto huyo huyo akienda shuleni asubuhi yake, mwalimu wa sayansi anamwambia ukurasa ule mkausome nyumbani.

Kwa hivyo anayedai kuzungumza mambo haya na watoto ni desturi ya kigeni haijui Pwani. Lakini anayetaka tuwarudie makungwi na yaishe naye hajaona tulipofika. Kungwi alimwandaa msichana kwa mume aliyekwisha julikana. Ustadhi anamwandaa mtoto kwa ibada. Kazi zote mbili zina thamani yake, na hakuna hata moja iliyokusudiwa kumlinda msichana wa miaka 13 dhidi ya jirani, mjomba, mwalimu au dereva. Wavulana waliachiwa jando, na jando la siku hizi ni zahanati, bandeji na soda, bila neno lolote la kufundishwa. Na katika darasa lile la Chaani, kungwi wa nani ndiye atakayeingia?

Serikali kwa upande wake imekuwa ikipiga hatua moja mbele na moja nyuma. Katikati ya miaka ya 1990 Kadinali Maurice Otunga aliongoza hafla Nairobi ambapo kondomu na vijitabu vya elimu ya ngono vilitiwa moto. Novemba 1999 Rais Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa, na baada ya hapo shule zikaletewa mafunzo ya Ukimwi ndani ya masomo mengine. Mwaka 2008 stadi za maisha likawa somo linalojitegemea, kipindi kimoja kwa wiki. Somo hilo halikutahiniwa. Anayezijua shule zetu za enzi ya mtihani wa KCPE anajua kilichofuata: kipindi kilibaki kwenye ratiba ukutani, na saa yake ilipofika walimu walifundisha hesabu.

Desemba 2013, mjini Cape Town, Kenya ilitia sahihi pamoja na mawaziri wa elimu na afya wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, wakiahidi kueneza elimu kamili ya jinsia na huduma za afya kwa vijana. Mwaka 2015 ikatoka sera ya kitaifa ya afya ya uzazi kwa vijana. Novemba 2019 mkutano mkubwa wa kimataifa kuhusu idadi ya watu ulifanyika Nairobi, miaka 25 baada ya ule wa Cairo, na maaskofu wa Kikatoliki wakaupinga hadharani. Mswada wa afya ya uzazi wa aliyekuwa Seneta Susan Kihika nao ulikumbana na upinzani mkali wa makanisa. Mtaala mpya wa CBC ulipofika sekondari msingi, masomo 14 yalionekana mengi mno, na mwaka 2023 jopo lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu likapendekeza yapunguzwe hadi 9. Elimu ya afya ikamezwa na Sayansi Jumuishi, stadi za maisha zikaingizwa katika Maarifa ya Jamii. Kwa lugha ya mwalimu, yaliyokuwa na vipindi vyao sasa ni mada ndogo ndani ya kitabu cha somo jingine.

Hofu ya wazazi nisingependa kuipita kwa dharau. Mwongozo wa kimataifa wa UNESCO, uliotoka 2009 na kupitiwa upya 2018, uliandikwa kwa ajili ya dunia nzima, na vijitabu vingi vinavyofika shuleni huletwa na mashirika ambayo hayajawahi kuketi na kamati ya wazazi. Mzazi ana haki ya kukisoma kitabu kabla ya mwanawe. Kitabu kinachofichwa mzazi hukaribisha shaka, hata kama ndani yake hamna baya. Kosa hilo ni la wanaoitetea elimu hii, na wakilirekebisha wapinzani wengi watapungua.

Hoja kwamba mafunzo haya huwasukuma watoto kwenye ngono ni jambo tofauti, kwa kuwa linaweza kupimwa, na limepimwa. Tafiti zilizokusanywa na UNESCO kutoka nchi nyingi hazikuonyesha kwamba elimu hii inaongeza ngono kwa vijana wala inawafanya waianze mapema. Zilionyesha pia kwamba mafunzo ya kujizuia peke yake hayafikii lengo lake. Na yale ya mtoto wa miaka mitano hadi minane, ambayo watu huyaogopa zaidi, mengi ni majina ya viungo vya mwili, kwamba kuna sehemu ambazo mtu hatakiwi kuzishika, na amwambie nani akishikwa.

Ushahidi unaonivutia zaidi umetoka Kenya hii hii, magharibi ya nchi. Mwaka 2004 mwanauchumi Pascaline Dupas alifanya jaribio katika shule za msingi 328 za Bungoma na Butere-Mumias. Katika baadhi ya shule walimu walipewa mafunzo ya kufundisha mtaala wa serikali wa Ukimwi, ambao ujumbe wake mkuu ulikuwa kujizuia. Katika shule 71, darasa la nane lilitembelewa mara moja, kwa muda wa dakika 40. Wanafunzi walionyeshwa filamu fupi kuhusu wanaume watu wazima wanaowafuata wasichana wadogo, kisha ubaoni zikaandikwa takwimu za mji wa Kisumu: ni wanaume wangapi wa rika gani walio na virusi. Watoto wakajionea wenyewe kwamba kadiri mwanamume anavyozidi umri ndivyo hatari inavyoongezeka.

Mafunzo ya walimu hayakupunguza mimba. Dakika 40 zile zilipunguza uzazi wa wasichana hao kwa asilimia 28 katika mwaka uliofuata, na upungufu mkubwa ulikuwa katika mimba za wanaume waliowazidi umri. Hakuna aliyewaambia wasichana wafanye ngono au wasifanye. Waliambiwa ukweli juu ya mtu fulani, wakaamua wenyewe.

Jaribio jingine la eneo hilo hilo, alilolifanya Dupas pamoja na Esther Duflo na Michael Kremer, liligawa sare za shule bure. Wasichana waliopata mimba ndani ya miaka mitatu walishuka kutoka asilimia 16 hadi 13, kwa sababu tu walibaki shuleni. Nalitaja ili pasiwe na mtu atakayedhani nauamini ubao na chaki peke yake. Msichana wa Bofu, Likoni, aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa sare au ada ya mtihani yuko mtaani saa nne asubuhi, na mtaani saa hiyo kuna mtu mwenye pesa.

Huyo mtu mwenye pesa ndiye pengo kubwa la mafunzo yetu. Ripoti ya UNICEF na Serikali ya Kenya ya Desemba 2006 kuhusu unyonyaji wa watoto kingono katika Pwani ilikadiria kwamba wasichana 10,000 hadi 15,000 wa maeneo ya Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani walikuwa wakiuza miili yao mara moja moja. Vichwa vya habari viliwageukia watalii, na watalii kweli walikuwamo: Wataliano, Wajerumani, Waswisi. Lakini kundi kubwa kuliko yote la wateja, asilimia 38, walikuwa Wakenya. Mtoto aliyefundishwa kumwogopa mzungu wa ufuoni hakufundishwa kumwogopa baba wa rafiki yake, mwenye duka anayemwandikia deni, dereva wa tuktuk anayembeba bure, kijana wa boda anayemngoja langoni mwa shule, au yule mubaba wa gari anayelipia chipsi. Anayewadhuru watoto wetu kwa kawaida ana jina, tena analijua jina la mtoto.

Tuseme msichana wa Shika Adabu, Likoni, amebakwa Ijumaa jioni. Hapo kuna mambo ambayo ni lazima yajulikane usiku huo huo. Asioge. Nguo alizovaa zihifadhiwe katika bahasha ya karatasi, maana mfuko wa plastiki huharibu ushahidi. Aende hospitali kwanza, polisi baadaye. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufanya kazi zikianzwa kabla ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Vidonge vya kuzuia mimba ya dharura vinaweza kutolewa mpaka saa 120. Daktari anajaza fomu maalum ya kupokea aliyedhulumiwa, kisha kuna fomu ya P3 ya polisi. Hospitali Kuu ya Pwani imekuwa na kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa tangu 2007, ila mtu wa Likoni ni lazima avuke maji kukifikia.

Mara nyingi mambo huenda hivi: mama anamwogesha mtoto, kwa huruma, na nguo zinafuliwa. Jumamosi wazee wa pande mbili wanaketi, kwa sababu mkosaji ni wa ukoo au ni mpangaji wa chumba cha pili. Mzee wa mtaa anaitwa. Jumapili inatajwa pesa. Jumatatu asubuhi mama na baba wanasema tusimwaibishe mtoto, mambo yazungumzwe kinyumbani. Jumatatu hiyo jioni saa 72 zimekwisha. Katika mabishano yote ya miaka 30 kuhusu kondomu, sijasikia sheikh, askofu wala mwanaharakati anayepinga mtoto aijue hesabu hii ya saa. Wote wangekubali. Hata hivyo unaweza kumpata mwanafunzi wa kidato cha nne anayetaja sehemu zote za mfumo wa uzazi kwa mpangilio, na hajui kama ni saa 72 au ni wiki moja.

Sheria nayo hawaambiwi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, imeweka umri wa ridhaa kuwa miaka 18. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 kurudi chini anaweza kufungwa maisha. Wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20. Wa miaka 16 na 17, kisichopungua 15. Idhini ya mtoto si kinga. Lakini fikra kwamba msichana "alijipeleka mwenyewe" zimeshika mizizi mpaka mahakamani. Aprili 2016, Jaji Said Chitembwe wa Mahakama Kuu ya Malindi alimwachilia mwanamume aliyehukumiwa miaka 20 kwa kumnajisi msichana wa miaka 13, akieleza kwamba msichana alimwendea mwenyewe na alionekana kuufurahia uhusiano ule. Ikiwa jaji anaweza kuandika hivyo, mtoto wa darasa la saba atatoa wapi nguvu ya kusema kosa si langu, asipoambiwa hivyo mapema na mtu anayemheshimu?

Sheria hiyo hiyo ina upande unaowahusu wavulana, na hapa nawalaumu sana wapangaji wa mafunzo. Mvulana wa miaka 18 aliyemaliza shule juzi, mwenye mpenzi wa miaka 16, anaweza kufungwa miaka 15. Machi 2019 Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba taifa linahitaji kulijadili suala la umri na adhabu hizi. Mjadala haujafika popote, na wavulana wa Kisauni wanaendelea kuijua sheria wakiwa rumande. Katika shule nyingi, siku ya kugawa sodo wasichana huitwa pembeni na muuguzi au mgeni wa shirika, nao wavulana huachiwa mpira uwanjani. Hakuna anayewaambia hedhi ni nini, kwa hivyo wanabaki kumcheka mwenzao aliyechafua sketi. Hakuna anayewaambia kwamba wao pia hubakwa, na kwamba anayebakwa hajapoteza uanaume wake. Sheria ya elimu ilirekebishwa 2017 ili kila msichana aliyebaleghe shuleni apate sodo bure. Ni jambo jema. Mvulana hakupewa hata ukurasa mmoja.

Takwimu za mimba zinashuka, ingawa polepole. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta asilimia 18 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wameshazaa au wana mimba. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 15. Mwaka 2014 Mombasa ilikuwa karibu na wastani wa taifa, kwenye 17, huku majirani wake Kilifi na Kwale wakiwa 22 na 24. Mipaka hiyo ni ya ramani tu. Familia ya Likoni ina shamba Matuga, ya Kisauni ina nyanya Kaloleni, na msichana aliyepata mimba mjini hupelekwa kijijini kabla tumbo halijaonekana, akahesabiwa huko. Novemba 2018, wakati wa mitihani ya kitaifa, habari za watahiniwa wa Kilifi waliojifungua au waliokuwa wajawazito zilitikisa nchi. Wengi walizungumza kuhusu maadili ya wasichana. Wachache waliuliza waliowapa mimba wako wapi, na ni wangapi wamefikishwa mahakamani.

Kuhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua, Kenya imekuwa na msimamo mzuri tangu 1994, ukaimarishwa kwa mwongozo mpya wa 2020. Zanzibar iliruhusu 2010. Tanzania Bara ilifunga mlango kwa kauli ya Rais Magufuli ya Juni 2017, ikaufungua tena Novemba 2021. Kwetu mlango uko wazi, shida ni macho ya watu anayoyakuta msichana akiingia.

Sasa mwalimu. Wa sekondari msingi katika shule nyingi za umma ni kijana aliyeanza kwa mkataba na malipo madogo, anafundisha masomo kadhaa ambayo mengine hakuyasomea chuoni. Umri wake haujawapita sana wanafunzi wake wakubwa. Kumwambia afundishe Sayansi Jumuishi pamoja na habari za ubakaji na dawa za saa 72, bila mafunzo na bila mtu wa kumsaidia, ni kumwonea. Tena tuseme ukweli unaouma: walimu wenyewe wamo kati ya wanaowadhulumu watoto, ndiyo maana TSC, tume ya kuajiri walimu, ilitoa waraka nambari 3 wa 2010 wa kuwalinda wanafunzi. Mtoto ambaye mdhulumu wake ndiye mwalimu wa ushauri nasaha anahitaji mlango wa pili wa kubisha.

Kuna walimu wa ushauri nasaha wanaotumia sanduku la maswali, na sijaona kifaa bora kwa bei yake. Ni boksi la viatu lenye tundu juu. Kila mmoja anaandika swali bila jina, wote wanatumbukiza karatasi, hata asiye na swali anatumbukiza tupu ili asijulikane. Mwalimu anayasoma usiku. Mengine ni ya kitoto: mtu hupata mimba kwa kubusiana? Mengine yanamkosesha usingizi, kwa kuwa hayaulizwi na mtu anayetaka kujua tu. "Mtu wa nyumbani akikuomba usimwambie mama, ufanye nini?" Karatasi hiyo inahitaji muuguzi, afisa wa watoto na polisi, na inawahitaji kesho.

Kama ningeulizwa nani afundishe nini, ningesema hivi. Ibada na maadili ya ndoa yabaki kwa madrasa, kanisa na wazazi. Hao wanayajua kuliko wizara. Shule ya umma ibebe mwili, usalama, sheria na huduma, kwa wavulana na wasichana waliokaa pamoja, kuanzia majina ya viungo katika madarasa ya chini. Kuhusu njia za kuzuia mimba, ambako ndiko kwenye mgogoro wa kweli, msimamo wangu ni kwamba mwanafunzi wa sekondari aelezwe zote: zinavyofanya kazi, zinavyoshindwa, na zinakopatikana. Ustadhi au padri akitaka kusema baada ya hapo kwamba ni haramu nje ya ndoa, aseme, tena asemee shuleni katika kipindi chake cha dini. Kijana ana haki ya kuijua hukumu ya dini yake na kuyajua maarifa ya hospitali. Wapo watakaolikataa hili, na naelewa wanakotoka, lakini watoto wanaozaa wakiwa na miaka 15 si watoto wa majirani peke yao.

Kizuizi kimoja kinachozungumzwa kidogo ni cha kiutawala. Chini ya Katiba ya 2010, afya imegatuliwa, kwa hivyo muuguzi na zahanati ni vya kaunti ya Mombasa. Mwalimu ni wa TSC, mtaala ni wa taasisi ya kitaifa ya KICD, na shule ya msingi iko chini ya wizara Nairobi. Kwa upande wa shule, kaunti ina chekechea tu. Muuguzi wa zahanati iliyo ng'ambo ya barabara na shule anaingia darasani kwa hisani ya mwalimu mkuu, akipata nafasi, kwa kawaida siku shirika fulani limeleta sodo na kamera. Makubaliano kati ya idara ya afya ya kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti yangetosha kulibadilisha hilo: kila zahanati ya Likoni, Kisauni na Changamwe ipewe shule zake, muuguzi aje kila muhula, aje na nambari ya simu ya bure ya watoto, 116, aiandike ubaoni, na awaachie ukutani karatasi moja yenye saa 72, saa 120 na jina la hospitali iliyo karibu. Hakuna sheria mpya inayohitajika bungeni, wala mkutano wa Cape Town.